Begi la Kukulia

Kwanza nilisikia kishindo kizito, kama gunia lililotupwa sakafuni, halafu mkwaruzo mrefu wa kitu kinachoteleza juu ya ngazi, halafu kimya. Nilikuwa jikoni nafuta meza. Mlango ulikuwa umerudishwa tu, haujafungwa, kwa sababu binti yangu alikuwa ametoka dakika hiyo hiyo kwenda kungoja basi la shule. Nikasubiri kilio. Mtoto akianguka akalia, mama anajua pa kuanzia. Hakuna aliyelia.

Nilitoka pekupeku. Ngazi za jengo letu hapa katika mji wa Crystal, ughaibuni, zina zulia la kahawia lililokwisha katikati, na majira ya baridi huwa zinanuka chumvi ile wanayomwaga nje kuyeyusha barafu. Alikuwa kwenye kile kibaraza kidogo ngazi zinapogeuka, amelala chali juu ya begi lake, mikono imetanuka, hawezi kuinuka wala kugeuka, kama kobe aliyepinduliwa. Nilimwona uso wake kichwa chini. Macho yalikuwa wazi, yanatazama dari kwa utulivu ambao haukumfaa mtoto wa miaka minane.

"Umeumia?"

"I'm good," alisema. Hilo, yaani niko sawa, ndilo jibu lake la kila kitu. Kiswahili anakisikia chote, hata ninaponong'ona na baba yake, lakini majibu yake huja kwa Kiingereza, na mimi nimezoea kuuliza kwa lugha moja na kujibiwa kwa nyingine; hapa namtafsiria.

"Inuka basi."

"Siwezi. Begi limenikamata."

Nikashuka, nikashika mikanda, nikamwinua na begi lake kwa pamoja. Nilishindwa mara ya kwanza. Nikavuta tena kwa mikono miwili, na hapo ndipo nilipotambua kwamba begi lile nililijaza mimi kila asubuhi, kitu kimoja kimoja, lakini sikuwahi hata siku moja kulibeba. Yeye alikuwa na namna yake ya kulivaa. Nilikuwa naliweka kwenye kiti, yeye anakaa mbele yake, anaingiza mikono, halafu anainama mbele mpaka linanyanyuka lenyewe. Nilikuwa naiona namna hiyo inachekesha.

Nje basi lilikuwa limeshasimama, taa zake nyekundu zinawaka na kuzima kwenye theluji. Alishuka ngazi zilizobaki ameshika ukuta, na mimi nikamwacha aende. Mpaka leo sijui kwa nini nilimwacha. Nadhani ni kwa sababu basi lilikuwa linangoja, na mtu mgeni katika nchi hujifunza upesi kutongojesha vitu.

Jioni ile ile alidondosha glasi ya maziwa. Haikumponyoka kwa utelezi. Vidole vya mkono wa kushoto vilifunguka tu, taratibu, na glasi ikaenda. Baba yake, aliyekuwa ndiyo kwanza anavua makoti yake baada ya kutoka kazini, akaruka pembeni akasema, "Ala! Maziwa yamekukosea nini?" Binti yangu hakucheka. Alikuwa anautazama mkono wake kama kitu cha mtu mwingine.

"Umelala," alisema, akimaanisha umekufa ganzi. "Mkono umelala."

"Umelala tangu lini?"

Alimtazama baba yake kwanza, kisha mimi. "Leo tu."

Sikumwamini, lakini nilikuwa nimeshika kitambaa na vigae vya glasi vilikuwa chini, nikasema sawa.

Nina dada mkubwa nyumbani, Morogoro. Tulipokuwa wadogo mama alikuwa anamgombeza kila siku kwa kusimama vibaya. "Simama kama mtu," alikuwa akimwambia, na wakati mwingine alimpiga kofi la begani, lile bega lililokuwa chini. Dada alijinyoosha, mama akageuka, bega likarudi. Tulisema ni uvivu. Mwaka alioingia darasa la saba walimpeleka kwa fundi cherehani kushonewa sketi mpya, na fundi akampima, akashona, akamvalisha, pindo likakaa upande. Akafumua. Akashona tena. Likakaa upande. Alipomvalisha mara ya tatu alimgeuza, akapitisha mkono mgongoni kwake juu ya shati, akamwambia mama, "Sketi iko sawa. Mtoto ndiye hayuko sawa."

Nilikuwepo. Nilikuwa nimekaa sakafuni nachezea vipande vya vitambaa. Walimpeleka hospitali baada ya hapo, lakini mgongo ulikuwa umeshaamua. Sasa dada akipanda ngazi hupumzika katikati, na akinipigia simu huwa nazisikia pumzi zake kabla ya salamu.

Kwa hiyo usiku wa maziwa, binti yangu alipotoka kuoga, nilimwambia asimame mbele yangu na taulo kiunoni. Nikamtazama mgongo. Ulikuwa mwembamba, wenye unyevu bado, na alama mbili nyekundu juu ya mabega mahali mikanda inapopita. Alama ya kushoto ilikuwa nzito zaidi. Na bega la kushoto lilikuwa chini. Nilifumba macho, nikafumbua. Lilikuwa chini. Nikamwambia anyooke, akanyooka, yakawa sawa. Nikangoja. Likashuka taratibu.

"Mama, nasikia baridi."

"Vaa, mwanangu."

Nilikwenda kukaa kwenye ukingo wa bafu na kufungulia maji ili wasinisikie.

Begi lenyewe tulilinunua mwezi wa nane, shule zinapokaribia kufunguliwa na maduka yote yamejaa madaftari. Lilikuwa la buluu, pana, la watoto wakubwa wa shule za kati, na nilipomvalisha pale dukani lilimfika mapajani. Nikafurahi. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Sare hununuliwa na pindo la vidole vinne ndani la kuteremsha mwakani, viatu huwekwa pamba mbele, na sweta la mtoto wa kwanza hufumwa na mikono mirefu ya kukunja. Kitu cha kukutosha leo ni kitu cha wasiofikiria. Baba yake alilipima kwa macho akasema, "Hili litampeleka mpaka chuo kikuu," na tulicheka wote watatu, yeye akizunguka mbele ya kioo na begi linamfuata kama mtu wa pili.

Alikuwa amevaa fulana siku ile. Hakuna aliyefikiria kwamba miezi mitatu baadaye angekuwa ndani ya koti nene kama godoro, na kwamba mikanda ingelazimika kulegezwa hadi mwisho ili ipite juu ya koti hilo, na kwamba begi likilegezwa hivyo lingening'inia nyuma na kumvuta.

Jumamosi nilimwita jirani yetu wa chini. Ni muuguzi katika hospitali moja Saint Paul, Mkenya, mama wa watoto wakubwa waliokwishaondoka nyumbani, na kwa binti yangu yeye ni anti tu. Alipanda akiwa na sare yake ya kazini na slipa za manyoya.

"Haya, mgonjwa ako wapi?" aliuliza. "Nime-drive dakika arobaini kwa theluji, nimekula ndizi moja, na chai siioni."

"Chai inakuja, dada. Mtazame kwanza."

Alimtazama. Alimwambia ashike vidole vyake viwili na kuviminya, mkono wa kulia, kisha wa kushoto. "Minya kama unataka kunivunja, mrembo. Hiyo ni nguvu yako yote? Ai, hata kuku anaminya kuliko hivyo." Binti yangu akacheka, akaminya. Mimi nilikuwa natazama uso wa jirani, na niliona tabasamu likibaki mdomoni huku macho yakitulia.

"Mpeleke kwa daktari," aliniambia kwa sauti ya chini. "Sisemi ni kitu. Nasema mpeleke. Na hilo begi liko wapi?"

Nikalileta. Alilipokea kwa mkono mmoja, mkono ukashuka, akaguna. Akaenda bafuni, akalisimamisha juu ya mzani wetu, akatazama, akanitazama mimi, akatazama tena. Hakunitajia namba. Alirudi nalo sebuleni, akaketi sakafuni, akafungua zipu.

"Kwani umebeba Tanzania yote humu ndani?"

Akaanza kutoa. Tableti ya shule, faili, vitabu viwili vya maktaba, viatu vya kubadilisha akivua mabuti, suruali ya theluji. Hivyo vilikuwa vya shule. Kisha vikaanza kutoka vyangu. Sweta la pili. Sweta la tatu, jembamba, la chini ya la pili. Soksi jozi mbili ndani ya mfuko wa plastiki. Chupa ya chai ya maziwa, ile ya chuma inayotunza joto, pamoja na chupa ya maji. Tochi. Betri za tochi. Kitenge kilichokunjwa, kama basi litaharibika njiani na joto likaisha. Glavu za akiba, na za akiba ya akiba. Kikopo cha mafuta ya mgando. Kadi nne nilizoziandika kwa herufi kubwa, jina lake, majina yetu, anwani, namba za simu, nikazipeleka zikafunikwa kwa plastiki ngumu, moja kwa kila mfuko wa begi. Biskuti. Biskuti nyingine, zilizosagika.

Binti yangu alikuwa amekaa kwenye kochi anakumbatia magoti, anatazama vitu vikipangwa kwenye zulia.

Kila kimoja nakikumbuka kilivyoingia. Tochi iliingia siku umeme ulipokatika kwenye jengo. Kitenge, siku niliposikia redioni jinsi baridi itakavyokuwa wiki hiyo. Kadi ziliingia siku niliyoamka baada ya kuota kwamba ameshuka kituo kisichokuwa chake. Kazi yangu ni kuandika riwaya, na kuandika riwaya ni kukaa siku nzima ukiwaza yanayoweza kuwapata watu, na mtu hawezi kuifunga kazi hiyo mezani akaiacha pale.

"Dadangu," jirani alisema, ameshika kopo la mafuta. Nilijua angetania. Hakutania. "Haya si ya mtoto."

Daktari alikuwa mwanamke mwenye sauti ndogo na mikono ya joto. Tulikaa kwenye chumba chenye picha za dubu ukutani, na baba yake aliomba ruhusa kazini akaja, akasimama mlangoni kama mtu anayelinda. Daktari alimwambia binti yangu ainame mbele, mikono ining'inie, kama anatafuta kitu alichoangusha. Akapitisha dole gumba juu ya uti wa mgongo, pingili moja baada ya nyingine, kutoka shingoni mpaka chini. Nilizihesabu pamoja naye kimoyomoyo na nikapotea hesabu.

"Katika familia, kuna mwenye mgongo uliopinda?"

"Dada yangu," nilisema. Nilishangaa jinsi ilivyotoka kama ungamo.

Aliandika. Kisha akamgeukia binti yangu. "Na huu mkono, unalala tangu lini?"

"Tangu ile siku ya maboga na peremende," binti yangu alijibu mara moja, kwa Kiingereza chake safi. "Mara ya kwanza ilikuwa siku ile. Halafu siku nyingi. Ukilala naubeba kwa mkono wa pili mpaka uamke."

Siku ya maboga, watoto wanapopita nyumba kwa nyumba kuomba peremende, huwa mwisho wa mwezi wa kumi, na theluji ya kwanza ilikuwa haijaanguka. Sasa ilikuwa mwezi wa pili. Nilimtazama baba yake, naye akatazama viatu vyake.

Daktari alitueleza bila haraka. Mishipa ya fahamu ya mkono hupita karibu na bega, na mkanda mzito unaovuta mahali pamoja kila siku unaweza kuibana. Bega la kushoto liko chini kidogo. Huenda ni mwili unavyojipinda kupigana na mzigo. Huenda ni mwanzo wa kitu kingine, na kwa sababu ya shangazi, alisema, na mimi sikumsahihisha kwamba kwetu dada wa mama ni mama mkubwa, hatalipuuza. Tubadilishe begi sasa hivi, tupunguze mzigo, turudi baada ya wiki nne. Mkono ukiwa umeacha kulala na bega likawa limepanda, vizuri. Kama sivyo, tutapiga picha za shingo na mgongo.

"Mambo yanayokua polepole huwa tunayawahi," alisema.

Nilitikisa kichwa kukubali. Nyuma ya macho yangu kulikuwa na fundi cherehani ameshika pindo.

Kwenye gari, baba yake akiwa ametangulia na lake kurudi kazini, nilimuuliza binti yangu kupitia kioo cha kutazamia nyuma. "Kwa nini hukuniambia?"

Alikuwa anachora kwa kidole kwenye ukungu wa dirisha.

"Kwa sababu ukiogopa," alisema, "unaongeza vitu."

Taa iligeuka kijani na gari la nyuma likapiga honi kabla sijaiona.

Februari si mwezi wa mabegi ya shule. Duka la kwanza lilikuwa limeshaweka nguo za kuogelea, zimening'inia mbele ya madirisha yaliyoganda. Mhudumu alituonyesha kona moja yenye mabaki, mabegi mawili ya watoto wa chekechea na moja lililochanika. Tukavuka mji mzima mpaka Oakdale, kwenye duka kubwa la vifaa vya safari na michezo, na huko kulikuwa na ukuta mzima wa mabegi. Nilisimama mbele yake. Kwa wengine ni begi tu. Kwangu mimi wiki nne zilikuwa zinaanzia pale, na nikikosea, mwishoni ningekuwa sijui kama mkono unalala kwa sababu ya begi jipya au kwa sababu ya mgongo.

Nilikuwa nimebeba mzigo wa shule kwenye mfuko wa nguo: tableti, faili, viatu, chakula cha mchana, suruali ya theluji. Jirani ndiye aliyenifundisha. "Usimvalishe begi tupu," aliniambia. "Begi tupu ni kama bwana harusi, hukuonyesha mazuri peke yake. Na asivue koti."

Binti yangu akakimbilia la kwanza, la zambarau lenye vipande vinavyometameta ukivipapasa. Mikanda yake ilikuwa myembamba kama kamba za viatu. Tulitia mzigo. Alipolivaa tu mikanda ikazama ndani ya koti, na nikamwona akipandisha bega la kushoto bila kujijua, akilitafutia nafasi.

"Hapana, mwanangu," nilisema.

"Lakini ni zuri."

"Ni zuri. Vua."

La pili lilikuwa la kijani, imara, mikanda mipana yenye sponji, mgongo wake una vifereji vya kupitishia hewa. Lilimkaa vizuri juu, na chini lilipita kiuno kwa upana wa kiganja changu. Niliinama nikaliangalia. Kiganja kimoja. Nikasikia ile furaha ya zamani ikipanda kifuani, ya mwezi wa nane.

"Hili," nilisema. "Hili mwakani litakuwa limekutosha kabisa."

Aligeuka akanitazama, kofia imemshuka hadi kwenye nyusi.

"Mama. Sitakua kabla ya Jumatatu."

Mwanamke mmoja aliyekuwa akichagua glavu karibu nasi alicheka peke yake kwa jinsi mtoto alivyolisema. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeliona bega lake la kushoto likishuka. Nililivua lile begi nikalirudisha kwenye msumari wake, na ilinibidi niushike mkono wangu kwa mkono mwingine usilichukue tena.

La tatu lilikuwa fupi, rangi ya haradali, na hakuna aliyelipenda. Juu lilikoma usawa wa mabega, chini likakaa juu ya nyonga bila kuning'inia. Niliingiza vidole viwili chini ya mkanda, vikapita kwa shida kidogo, kama inavyotakiwa. Kulikuwa na mkanda mwembamba wa kifuani wa kuunganisha ile miwili isiteleze. Nikamwambia aufunge mwenyewe akiwa na glavu. Akashindwa. Akajaribu tena, ulimi nje. Kifungo kikalia, ukafunga.

"Tembea."

Akatembea mpaka kwenye mahema, akarudi. Nilimtazama kwa nyuma, kama mtu anayetazama gari lililotoka gereji. Mabega yalikuwa yanakwenda pamoja. Nikamwambia apande kile kigoda cha ngazi mbili cha wahudumu, ashuke, akae chini, ainuke. Alipoinuka hakuinama mbele kwanza. Aliinuka tu, kama mtoto mwingine yeyote.

"Mkono?"

"I'm good."

Tatizo ni kwamba suruali ya theluji haikuingia. Tuliketi sakafuni kati ya mabegi, nikajaribu kuikunja namna tano. Ikabaki nje, nene, inateleza. Niliziona siku zote za baridi kali zikimjia bila ile suruali, kituoni, kwenye uwanja wa shule, miguu yake.

"Naweza kuivaa," binti yangu alisema.

"Nini?"

"Suruali. Niivae kwenda. Kila mtu anaivaa. Wewe ndiye unaiweka kwenye begi."

Ilikuwa hivyo. Nilikuwa naiweka kwenye begi ili isichafuke kabla ya kufika shule.

Tukanunua la haradali.

Siku zilizofuata nilikuwa naanza kumsikiliza akiwa bado chini kwenye lango la jengo. Nikisikia anapanda, nilihesabu hatua. Akiingia tu, kabla hajavua kofia, "Mkono?" Naye, "I'm good." Neno lile lile la kwenye ngazi, la miezi yote ile aliyoubeba mkono mmoja kwa mwingine kwenye kiti cha basi bila mtu kujua. Halikuwa na thamani yoyote tena, na nilikuwa sina lingine. Nikaanza kumchunguza. Nilimpa glasi kwa upande wa kushoto. Nilimwomba anishikie vitu visivyohitaji kushikwa. Usiku nilimfunua shuka mgongoni nikatazama kwa mwanga wa simu, mpaka siku moja akasema bila kufumbua macho, "Mama, acha," nikatoka kwa vidole vya miguu kama mwizi.

Jirani alinikuta nikimpa binti yangu chungwa alimenye kwa mkono wa kushoto.

"Wewe sasa umekuwa polisi wa mkono," aliniambia mtoto alipokwenda chumbani. "Huyu mtoto ana watu wawili wa kuwatunza. Yeye na wewe. Unamchosha."

"Asiponiambia nitajuaje?"

"Hutajua." Alikunywa chai yake mpaka mwisho. "Nyamaza wiki moja uone. Kazini kwangu, mgonjwa akiulizwa sana anajifunza jibu ambalo muuguzi anapenda."

Nikanyamaza. Jumatatu aliporudi nilisema, "Karibu, chakula kipo," na nikauma ulimi. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akasubiri swali. Halikuja. Aliniangalia kwa wasiwasi kidogo, akaenda kunawa. Jumanne ikawa hivyo. Jumatano usiku sikulala, nikamwamsha baba yake, nikamwambia nitamuuliza asubuhi, siwezi tena. Akasema ndani ya mto, "Ulikwishauliza. Anakumbuka swali." Akalala tena.

Alhamisi asubuhi, siku nne kabla ya kurudi kwa daktari, alivaa suruali ya theluji, mabuti, koti, kofia. Alilinyanyua begi mwenyewe kutoka sakafuni, akaingiza mkono mmoja, akaingiza wa pili, akafunga mkanda wa kifuani kwa glavu. Nilikuwa nimesimama karibu na jiko nikijifanya natafuta kijiko. Alifika mlangoni, akashika kitasa, halafu akageuka. Na akasema kwa Kiswahili, kile chake cha kuokoteza, ambacho huwa hakitoi hata kwa bibi yake kwenye simu.

"Mama. Juzi mkono umelala. Kwa basi. Nilibeba begi bega moja tu, kwa sababu wengine wanabeba hivyo. Jana hapana. Leo bado sijui."

Mwili wangu wote ulitaka kwenda kwake. Nilikuwa na maswali kumi. Ulilala muda gani, vidole vyote au viwili, uliamka wenyewe, na kwa nini bega moja, nani huyo anayebeba hivyo. Mikono yangu ilikuwa imeshaanza kutafuta kitu cha kumpa. Nikamwona akiiangalia.

Nikaiweka mikono juu ya meza.

"Nimesikia," nilisema. "Asante kwa kuniambia."

Alinitazama vizuri, kama ninavyomtazama mimi. Niliogopa kwamba ataliona bega langu likishuka.

"Nitakuambia jioni," alisema. "Kama ukilala. Na kama haukulala pia."

"Sawa, mwanangu. Nenda, basi halingoji."

Akafungua, baridi ikaingia mpaka kwenye vifundo vya miguu yangu, akatoka, na mlango ukajifunga nyuma yake.